Uzi wa Katani

“Hakikatwi,” Perpetua alisema kwa mara ya nne, “na nitasema mara ya tano kama masikio mmeyatia pamba.”

“Nani kasema kukata?” Mjomba Lazaro aliinua kiganja kama askari wa barabarani. “Kukata ni neno lako, mwalimu. Mimi nimesema kufunga. Unakifunga shinani, kinanyauka, siku ya saba kinadondoka chenyewe kama kitovu. Hata tone la damu hulioni.”

“Na kikishadondoka, mjomba, mdomo wa juu mwanangu ataupata wapi? Utamsukia wa katani?”

“Mama Timo,” alisema mumewe, Yeremia, kwa sauti ya chini. “Huyo ni mjomba wangu.”

“Najua ni nani. Nimemwamkia shikamoo alipoingia, akaitikia marahaba. Salamu yake nimempa. Mtoto simpi.”

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, mwaka sabini na tano, saa mbili asubuhi, nyumbani kwa Yeremia pale Magomeni, Kilosa. Watu wazima wanne walikuwa wameacha kazi zao ili wagombee kitu kisichozidi ncha ya kidole gumba.

Mwenye kitu hicho, Timotheo, wa miezi mitatu na siku chache, alikuwa mapajani pa mama yake, ameketishwa wima kwa sababu akilazwa maziwa humtokea puani. Alizaliwa mdomo wa juu umepasuka pande zote mbili, mipasuko miwili iliyopanda mpaka kwenye matundu ya pua. Katikati ya mipasuko hiyo kilibaki kinundu cha nyama, kimechomoza mbele chini ya pua kama udongo ambao mfinyanzi alisahau kuulainisha. Kaakaa nalo halikuungana. Akilia, uliona moja kwa moja mpaka ndani ya pua. Na juu ya kinundu palikuwa na jino. Alizaliwa nalo, dogo kama punje ya mchele, linacheza ukiligusa.

Jino ndilo lililoleta ugomvi. Mdomo uliopasuka, Bibi Raheli, mama yake Yeremia, angeuvumilia. Midomo sungura alishaiona, na khanga ipo ya kufunikia. Lakini mtoto anayetanguliza jino la juu ni kigego, na kigego, kwa waliomlea Bibi Raheli, huwamaliza wazee wa nyumba mmoja baada ya mwingine. Bibi Raheli alikuwa mwanakwaya wa Anglikana kwa miaka thelathini. Kila Jumapili aliimba kwamba haogopi mauti wala shetani. Punje ya mchele ilimtoa jasho. Tangu mjukuu azaliwe, kila kikongwe aliyekohoa kutoka Magomeni hadi stesheni aliwekwa kwenye hesabu ya mtoto huyo.

Na mganga wake alikuwa kaka yake mwenyewe. Lazaro aliwahi kuwa dresa kwenye shamba moja la mkonge huko Kimamba. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kuwaosha wakata mkonge vidonda vya miiba na kuwapaka dawa ya zambarau. Shamba lilipofungwa aliondoka na koti jeupe lililopungua vifungo viwili, pamoja na bomba la sindano la kioo. Watu wa Kimamba wakamwita Daktari kwa utani. Yeye hakujua kama ni utani. Asubuhi hiyo alikuja na uzi wake, katani nyembamba aliyoichambua mwenyewe, ameiloweka kwenye spiriti ndani ya kichupa cha dawa ya macho. Alikiweka mezani karibu na chai, mahali ambapo kila mtu angekiona.

Kwa mume wake Perpetua alikuwa ameacha hata kukasirika. Yeremia alikuwa mratibu wa elimu ya watu wazima. Miaka miwili nyuma, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokuwa redioni, alizunguka Masanze nzima na baiskeli ya serikali akiwafundisha watu kuchimba vyoo na kuacha imani potofu. Alisema vizuri, akapigiwa vigelegele. Imani potofu aliipiga vita kila kijiji alikotumwa. Sebuleni kwake, mama yake akiwepo, aliipisha ikae.

“Daktari wa ndege anafika Mikumi kesho,” Perpetua alisema. “Anakuja mara moja kwa miezi mitatu. Sista Hildegarda wa hospitali ya misheni ya huko aliniambia mambo matatu nilipompeleka mtoto akiwa na wiki sita. Afike kilo nne na nusu. Asiwe na kifua. Na kinundu mtu asikiguse, maana ndicho kitakachoshonewa mdomo. Kilo tumezipata. Kifua hana. Limebaki hilo la tatu, na la tatu ni ninyi.”

Kilo hizo hazikuja kwa maombi ya kwaya. Timotheo hakuweza kunyonya, kwa sababu mdomo usiofunga hauvuti. Miezi mitatu Perpetua alikamua maziwa yake kwenye kikombe na kumnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, milo minane kwa siku, na katikati ya milo akaenda kufundisha darasa la tano hesabu za sehemu. Kila Jumamosi alimpeleka ghala la pamba kupimwa. Simoni, mpima pamba, alimweka ndani ya beseni juu ya mizani, akasubiri mshale utulie, kisha akatoa beseni kwenye hesabu kwa uaminifu mkubwa. Jumamosi iliyopita mshale ulipita nne na nusu. “Safi hii, mwalimu,” Simoni alisema, kama anavyosema mbele ya gunia zuri. “Siyo fifi, ya daraja la pili.” Katika watu wote wa Kilosa, huyo ndiye aliyewahi kumsifia mtoto wake.

“Na huyo daktari wa ndege ni Mzungu wa wapi?” Lazaro aliuliza.

“Anaitwa Lupakisyo.”

“Lupakisyo!” Lazaro alipiga paja. “Dada, umesikia? Mnyakyusa! Mtoto anaondolewa kwa mjomba wake anapelekwa kwa Mnyakyusa, akashonwe kama gunia la mchele wa Kyela!”

“Mjomba wake ni kaka yangu, yuko Kidatu kwenye miwa,” Perpetua alisema. “Kwa desturi yenu na yetu, mtoto ni wa ukoo wa mama. Wewe ni mjomba wa Yeremia. Mfunge Yeremia, hata hapo mdomoni. Hakuna atakayeona tofauti.”

Bibi Raheli aliweka kikombe chini. “Mwanangu alioa mwalimu,” aliiambia dari. “Nilimwambia oa mkulima.”

“Mama, shikamoo tena,” alisema Perpetua, akasimama. Treni ya Kidatu, inayopita Mikumi, ilikuwa inaondoka saa sita, naye alikuwa bado hajakata tiketi wala kuchukua karatasi ya ruhusa kwa mwalimu mkuu. Alimweka Timotheo mikononi mwa Yeremia, kichwa juu, miguu chini. “Mshike mwanao. Nusu saa. Kesho tunakuhitaji Mikumi, karatasi ya upasuaji inataka sahihi ya baba.”

“Kesho nina semina Kimamba.”

“Semina ya nini?”

Yeremia alikohoa. “Malezi bora.”

Perpetua alimtazama jinsi anavyomtazama mwanafunzi anayejumlisha namba za juu na za chini za sehemu kwa pamoja. Akatoka.

Nusu saa ikawa saa nzima, kwa sababu mwalimu mkuu aliona ni lazima aandike barua kwa mkono wake na aisome kwa sauti. Perpetua aliporudi, alikuwa bado njiani aliposikia kilio. Alivijua vilio vya mwanawe vyote, hiki hakukijua. Jirani yake, Bi Sikuzani, alikuwa amesimama kwenye ua wa miti, khanga imemteleza begani.

“Kimbia, mwanangu,” alisema. “Nimegonga wamefunga mlango. Mchana kweupe watu wanafunga mlango, hapo pana heri?”

Perpetua aliupiga mlango teke. Kitasa kilikuwa cha bei rahisi, kama mambo mengi katika nyumba ile.

Lazaro alikuwa amevaa koti lake jeupe. Bibi Raheli alikuwa amemshika mtoto miguu, amefumba macho, midomo inacheza. Timotheo alikuwa mapajani pa Yeremia. Kinundu kilikuwa kimekazwa shinani kwa uzi wa katani, mizunguko mitatu na fundo, nacho kimevimba na kugeuka rangi ya bilinganya.

Perpetua hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kikapu chake cha kudarizi, akatoa mkasi mdogo, akapiga magoti. “Mshike kichwa,” alimwambia Bi Sikuzani, aliyekuwa ameshaingia. Alipenyeza ncha ya mkasi kati ya uzi na nyama, akakata. Uzi haukutoka mara moja. Katani ikilowa hukaza. Kila mtu wa Kimamba anajua hilo, isipokuwa daktari wake. Aliuvuta kidogo kidogo kwa kucha mpaka ukaachia. Alihesabu moyoni. Alipofika arobaini rangi ilianza kubadilika, bilinganya ikawa zambarau, zambarau ikawa nyekundu iliyokolea. Alama ya uzi ilibaki, mfereji mwembamba kuzunguka shina.

Ndipo akamtazama mumewe. “Nilikuambia umshike.”

“Nilimshika,” alisema Yeremia.

Na ilikuwa kweli. Alimshika vizuri, wala mtoto hakutikisika, na Lazaro akapata nafasi ya kufunga fundo lake.

“Ungeniachia siku saba tu,” Lazaro alisema, “ungenishukuru.”

“Toka mbele yangu na hicho kikoti cha kunyolea,” Bi Sikuzani alimjibu. “Mimi ni mtu mzima, mwenzako, siogopi laana yako. Kwetu hata mbuzi hatumfungi hivyo. Na wewe Yeremia, uliyekuja kutufundisha tuchemshe maji! Leo kikundi kizima cha kusikiliza redio kitapata habari. Nitawatangazia mimi mwenyewe.”

Yeremia alinyanyua uso kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Mtoto kufungwa uzi hakukumstua kiasi hicho.

Perpetua alifunga nepi sita, kikombe, kijiko na khanga mbili ndani ya kikapu, akamfunga mtoto kifuani, wima, akaenda stesheni kwa miguu.

Treni ya Kidatu ni ya mizigo na watu, na mara nyingi mizigo ndiyo hupewa heshima. Kwenye behewa mama mmoja mwenye kuku wawili alimchungulia Timotheo, akatoa mdomo mbele. “Maskini. Ulipokuwa na mimba ulimcheka nani?”

“Sikumcheka mtu,” Perpetua alijibu. “Ningejua, ningeanza na wewe.”

Mama yule aliwahamisha kuku wake kiti cha mbali. Perpetua akapata nafasi ya kuweka kikombe, akamkamulia mwanawe. Kinundu kilivimba, maziwa yakamwagika zaidi ya yaliyoingia. Alimnywesha mpaka Mikumi.

Kesho yake asubuhi ndege ndogo ilizunguka mara mbili juu ya uwanja wa mbugani kabla ya kutua, kwa sababu pundamilia walikuwa hawajamaliza kula. Daktari Lupakisyo alifika hospitali ya misheni akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mfupi, suruali imembana, na alisema kama mtu anayelipia kila neno. Alimweka Timotheo juu ya meza karibu na dirisha. Akamminya kifua, akamsikiliza, akamfungua kinywa kwa kidole. Kisha akafika kwenye alama ya uzi.

“Nani kafanya hivi?”

“Daktari,” alisema Perpetua.

“Daktari wa wapi?”

“Wa mkonge.”

Lupakisyo alitoa mlio puani, ambao pengine kwao ndio kicheko. “Sikiliza, mama. Watu wanadhani kinundu hiki ni cha ziada. Si cha ziada. Ndiyo katikati ya mdomo wake. Ndani yake mna mfupa wa meno ya mbele. Ukikitoa, mdomo unaweza kuushona ukaungana, lakini hauna kitu nyuma yake. Uso unazama, pua inalala, na akikua anakuwa kama mzee asiye na meno. Nimewaona. Wengine walikatwa na watu wenye vyeti kama changu, kwa hiyo usimcheke sana huyo wa mkonge.”

“Nitamcheka,” alisema Perpetua. “Kitapona?”

“Damu inapita. Umewahi. Nilitaka kushona pande zote mbili leo, lakini ngozi hii imeumizwa. Nikiivuta pande zote inaweza kufa. Leo nashona kushoto. Miezi mitatu ijayo kulia. Kaakaa tutaliziba akiwa na mwaka na nusu, kabla hajaanza kusema sana, maana akizoea kusemea puani kumrudisha ni kazi.” Alinawa mikono. “Kuna watano mbele yake. Nitamweka wa mwisho. Lakini saa kumi ndege inaruka, maana tunakotua hakuna taa. Ikipita saa nane sijaanza, sianzi.”

“Na tukingoja uje tena, umshone pande zote kwa pamoja?”

“Utakaa wapi miezi mitatu?”

“Nyumbani.”

“Na mwenye uzi anakaa wapi?”

Perpetua alimnyanyua mtoto kutoka mezani. Daktari alitikisa kichwa. “Basi nikirudi sitakuta kitu cha kushona.”

Palibaki karatasi. Sista Hildegarda, muuguzi mkuu, Mbena mwenye mikono ya mkulima na kalamu iliyofungwa kamba shingoni, aliijaza mwenyewe, mstari kwa mstari, na hakuna aliyewahi kumfanya aruke hata mmoja. Mbele ya Perpetua alikuwa ameketi Costancia, msichana wa Masanze, ambaye mwanawe aliungua mkono na vidole vikagandana.

“Baba wa mtoto?” Sista aliuliza.

“Hayupo.”

“Hayupo amesafiri, au hayupo kabisa?”

“Kabisa, Sista.”

Sista alipiga mstari mahali pa baba, akasogeza kidau cha wino. “Mama anatosha. Weka dole gumba.” Kisha akamgeukia Perpetua. “Wewe wako yupo. Nimeandika mwenyewe mara ya kwanza: Yeremia, mratibu. Asaini yeye.”

“Sista, mtoto ni wangu, sahihi ninayo nzuri kuliko yake.”

“Sijauliza mwandiko. Mwaka jana baba mmoja alikuja hapa na panga kwa sababu mkewe alisaini. Mwite.”

Ikapigwa simu Kilosa. Timotheo hakutakiwa kula kabla ya dawa ya usingizi, kwa hiyo tangu alfajiri hakupewa kitu. Saa nne alilia kwa nguvu. Saa sita alilia kwa kukatakata. Saa saba alikuwa anaunyonya mkono wake kwa mdomo usioweza kunyonya, na Perpetua, maziwa yamemjaa yanamlowesha gauni, alikuwa anatembea barazani huku na huko, akihesabu wagonjwa wanaotoka chumba cha upasuaji. Watatu. Wanne. Costancia alipokea mwanawe, mkono umefungwa bandeji kubwa kama fenesi.

Saa saba na nusu lori la pamba lilisimama mbele ya hospitali. Yeremia aliteremka amevaa suti ya semina, nyuzi nyeupe za pamba zimemganda kila mahali. Semina ya malezi bora hakwenda. Bi Sikuzani alikuwa ametimiza ahadi yake, na watu wa Kimamba walishapata habari kabla hajatoka nyumbani. Alizunguka nyuma ya lori, akampa mkono mama yake ateremke.

Perpetua alipomwona Bibi Raheli, alijua kwamba aliyekuja si baba wa mtoto. Aliyekuja ni mtoto wa mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.” Bibi Raheli alikuwa anamtazama Timotheo kwa pembeni, kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. “Tumekuja kwa heri. Yeremia atasaini. Ila hilo jino litoke kwanza. Kwa jino lile, hasaini.”

Daktari Lupakisyo alikuwa ametoka kuvuta hewa, barakoa imeshuka shingoni. “Jino gani?” Akasogea. “Hili? Hili ningeling’oa hata msingekuja. Linacheza. Siku moja angelivuta kwa pumzi likamkwama.” Alichukua kipande cha pamba, akashika kwa vidole viwili, akazungusha kidogo. Timotheo alilia mara moja, zaidi kwa njaa. Jino likaanguka kwenye bakuli la chuma, likalia *ti*. “Tayari. Kuna jingine?”

Hivyo tu. Miezi mitatu ya kunong’ona, chupa ya spiriti, mlango kufungwa mchana, na mtu amelitoa akiwa amesimama. Sista alishika karatasi juu ya meza ya baraza. Yeremia alitoa kalamu mfukoni. Alikuwa nazo tatu, zote za serikali. Akaifungua, akainama.

“Yeremia,” alisema mama yake.

Kalamu ikasimama.

“Limeng’olewa na mtu wa nje. Halikung’olewa na mtu wa ukoo, halikusemewa neno. Sasa ndiyo mbaya zaidi. Lazima wazee wakae. Jumapili, baada ya ibada.”

“Mama,” Perpetua alisema, “ukoo wa mtoto ni wangu. Jana ulikuwepo nikisema, na hukubisha.”

“Hapa wameandika baba,” alisema Bibi Raheli, akagonga karatasi kwa kidole, ingawa hakujua kusoma. “Serikali inamtaka baba.”

Ndivyo alivyokuwa. Desturi aliikumbuka ilipomfaa, na isipomfaa akakumbuka karatasi. Perpetua aliitazama saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika kumi. Mgonjwa wa tano alikuwa anasukumwa nje, amelala, mdomo wazi.

“Saini,” alimwambia mumewe.

“Ni Jumapili tu, mama Timo. Siku mbili.”

“Jumapili ndege haipo.”

“Atakuja tena. Miezi mitatu si mingi.” Alikuwa anaifunga kalamu yake taratibu, kama mtu anayefunga mlango asiamshe watu. “Ukiangalia kwa upana, hata wazee nao wanahitaji elimu. Huwezi kuwaruka. Unakwenda nao hatua kwa hatua.”

“Wewe ni baba yake?”

“Swali gani hilo?”

“Nauliza mbele ya Sista. Kama ni baba yake, saini. Kama husaini, sema mbele ya Sista wewe ni nani.”

Yeremia alimtazama mama yake. Bibi Raheli alitazama lori. Barazani watu walikuwa wamegeuza vichwa. Hata Costancia alikuwa ameacha kumbembeleza mwanawe.

“Mama anasema Jumapili,” alisema Yeremia.

“Sista,” Perpetua alisema, “umesikia. Piga mstari hapo.”

“Wapi?”

“Mahali pa baba. Hayupo.”

Sista Hildegarda aliinua kichwa. “Amesafiri, au hayupo kabisa?”

“Kabisa.”

“Perpetua!” Yeremia alipata sauti sasa. “Unajua unachosema? Unanifanya nini mbele za watu? Itaandikwa! Itafika Kilosa!”

“Sikuzani atakuwa ameshaifikisha.” Hakumtazama. “Mwanamke nisiye na mume, mtoto asiye na baba. Andika, Sista. Mimi ni mwalimu, ninajua maana ya kilichoandikwa. Nitakaa hapa mpaka upande wa kulia ushonwe, na shule zipo hata Mikumi.”

Sista alimtazama Yeremia muda wa pumzi tatu. Alimpa nafasi yake yote, kwa haki. Yeremia alishika kalamu iliyofungwa, akafungua kinywa chake kizima, kisicho na mpasuko wowote, na hakikutoka kitu. Sista akapiga mstari. Perpetua akachukua kalamu ya kamba, akaandika jina lake lote kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa na zilizonyooka, mtu wa mlangoni angelisoma.

Alilichukua jino kwenye bakuli, akaushika mkono wa Bibi Raheli, akakikunjua kiganja, akaliweka katikati.

“Mama, mlilofuata ni hili. Kalikalieni kikao Jumapili.”

Kisha akamnyanyua Timotheo wima, akampita mumewe, na daktari, aliyekuwa ameshapandisha barakoa, akamshikia mlango kwa kiwiko. Akaingia naye, akamlaza mezani mwenyewe.